Viwanja vitano na kadi moja: siku 10 za besiboli Marekani

Nimerudi Dar tangu mwanzoni mwa Oktoba 2024. Nimesubiri World Series, fainali ya ligi kuu ya besiboli, iishe ndipo niandike, kwa sababu nusu ya safari hii ilikuwa ubishi tu: timu gani itachukua ubingwa, na uwanja gani unastahili kuitwa bora. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari langu, picha za simu na kadi moja iliyojaa alama za penseli ambayo nitaieleza mbele.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa michezo. Besiboli niliipata kazini, siku Wajapani wa kujitolea walipofika shuleni kwetu na mifuko miwili ya glavu kuukuu. Tunachezea kwenye kiwanja cha mchanga, na besi zetu, vile vituo vinne vya kukimbilia, ni magunia tuliyojaza vitambaa. Nimefundisha mchezo huu kwa miaka bila kuketi hata siku moja kwenye uwanja wa ligi kuu. Akiba ya miaka mitatu ndiyo iliyonipeleka.

Alhamisi, Septemba 19: Maryland

Safari ya ndege naipita: Dar, Doha, Washington, karibu saa 24 ukijumlisha kusubiri. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinipokea na jaketi mkononi. Ana miaka 19 huko, anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na ni Yankees damu, shabiki wa timu ile ya New York. Kofia ya kwanza aliyopewa bure alipofika kwenye baridi ilikuwa ya Yankees, hajaivua.

Tulifika nyumbani wifi yake mke wangu akiwa amepika wali wa nazi na samaki. Runinga ilikuwa inaonyesha Dodgers ya Los Angeles wakiwa Miami. Shohei Ohtani wao aliingia siku ile akiwa na homurani 48, yaani mipira aliyoipiga ikavuka ukuta, na besi 49 alizoiba, yaani alizozikimbilia bila mpira kupigwa, na hakuna mchezaji aliyewahi kufikisha 50 kwa 50 ndani ya msimu mmoja. Tukala tukitazama. Alipiga mara 6 kati ya 6, homurani 3, akaiba besi 2, akaleta mbio 10, ndizo pointi za besiboli. Dodgers walishinda 20 kwa 4.

Nikamwambia, "Shem, hawa ndio mabingwa."

"Huyo ni mtu mmoja, shemeji," akajibu. "Sisi tuna wawili, Judge na Soto. Ngoja Oktoba."

Ubishi ulianza hapo, haujaisha hadi leo.

Ijumaa, Septemba 20: Baltimore, Camden Yards

Tuliegesha gari kwenye kituo nje ya mji tukapanda treni nyepesi, dola 2 kila mmoja. (Dola moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,700.) Inakushusha mlangoni kabisa. Tiketi za juu, upande wa besi ya tatu, dola 22.

Nilikuwa nimeusoma uwanja huu miaka mingi. Kabla haujafunguliwa, Aprili 1992, klabu za Marekani zilikuwa zimezoea viwanja vya zege vya mviringo, vinavyotumika pia kwa mpira wa Kimarekani, na ukiwa ndani hujui uko mji gani. Baltimore wakajenga wa besiboli peke yake, wa matofali na vyuma, katikati ya mji, wakaliacha ghala kuu la reli lisimame nyuma ya upande wa kulia. Ghala lile lina urefu wa kama mita 340. Karibu kila klabu iliyojenga baada ya hapo imeiga kitu fulani kutoka hapa. Nyumba aliyozaliwa Babe Ruth iko mitaa michache tu kwa miguu.

Kati ya ghala na viti kuna njia ya watu, Eutaw Street. Chini, kwenye sakafu, wamezika mipira ya shaba, kila mmoja mahali homurani ilipotua, na jina la mpigaji na tarehe. Nilichuchumaa nikapitisha kidole juu ya mmoja. Umelainika kwa nyayo za watu, herufi zimeanza kufifia pembeni lakini katikati bado zinakwaruza. Watu walikuwa wananipita na sahani za chakula wala hakuna aliyenisukuma. Ghala lenyewe halijawahi kupigwa moja kwa moja na mpira wa mechi. Aliyelifikia ni Ken Griffey Jr. peke yake, mwaka 1993, kwenye shindano la kupiga homurani.

Kushoto kwangu alikaa mama wa makamo na kadi mapajani, penseli nyuma ya sikio. Kila mpira ukichezwa anaandika. Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba nafundisha watoto Tanzania lakini kuandika kadi hakuna aliyenifundisha. Akasogea. Kila mlinzi ana namba yake: mrushaji 1, mdakaji nyuma ya mpigaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu 6, na walinzi wa nyuma 7, 8 na 9 kutoka kushoto. Mpira ukitoka kwa 6 ukaenda kwa 4 ukamalizikia kwa 3, watu wawili nje, unaandika 6-4-3. Mpigaji akikosa mara tatu unaandika K, na akibaki ametazama tu ile ya mwisho, K unaigeuza nyuma mbele. Mlinzi akiharibu, unaandika E na namba yake.

Alitoa kadi tupu kwenye mkoba wake akanipa, pamoja na penseli. Tuliandika sote wawili ining (vipindi) zote 9, akinisahihisha kwa kugonga kidole penye kosa.

Katikati shemeji akamchokoza kuhusu Yankees. Mama hakukasirika. Alisema Orioles wake, timu ya Baltimore, wamechoka tangu Julai, majeruhi ni wengi, na hata wageni wa siku ile, Detroit Tigers, watawasumbua watu kabla msimu haujaisha. Kisha akamgeukia shemeji: "Timu yako inapiga kuliko wote ligi ya American. Lakini mimi naandika kila kitu kwenye kadi. Wanakimbia besi ovyo na wanadaka ovyo. Homurani hazifichi hayo mwezi wa Oktoba."

Shemeji alicheka. Mimi niliiandika sentensi ile pembeni mwa kadi, bado ipo.

Kwa atakayefuata: Camden Yards wanaruhusu uingie na chakula chako na maji ambayo chupa haijafunguliwa. Karanga za maganda nunua kwa wauzaji wa nje, ndani bei inapanda sana. Na hakikisha una kadi ya benki, maana fedha taslimu viwanja vingi havipokei kabisa.

Jumamosi na Jumapili tulipumzika, tukaswali, tukala kaa waliopikwa kwa viungo vyekundu vya kwao. Mtu wa Tanga hawezi kusifu kaa wa ugenini kirahisi, ila hawa nawasifu.

Jumatatu, Septemba 23: Philadelphia

Shemeji aliomba ruhusa ya siku mbili. Tukashika barabara ya I-95 saa 5 asubuhi. Kuna foleni ya ukarabati ambayo ilitula saa nzima, na vituo viwili vya kulipia barabara.

Uwanja wa Phillies, Citizens Bank Park, uko kusini kabisa mwa mji, pamoja na viwanja vingine vikubwa, umezungukwa na eneo la kuegesha magari lisiloonekana mwisho. Kwa macho haukunivutia. Nilimwambia shemeji kwamba ukiutoa hapo ukauweka popote, hakuna atakayejua. Maoni hayo niliyapunguza kabla usiku haujaisha.

Tulikaa ghorofa ya juu, dola 48, ghali kwa sababu timu ilikuwa inahitaji ushindi mmoja tu kutwaa ubingwa wa kanda yao, ambao hawakuupata tangu 2011. Nilikuwa nimevaa barakashee. Mzee Mwafrika Mmarekani aliyekaa nyuma yetu akanigusa bega: "As-salaam alaykum, brother." Philadelphia ina Waislamu wengi weusi, wa vizazi na vizazi. Alipojua tumetoka wapi akafungua karatasi, akakata mkate wake katikati: nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi, vitunguu vilivyokaangwa, jibini likichuruzika. "Halal," akasema kabla sijauliza. Alikuwa ameununua mtaani kwake, akaingia nao.

Alitusimulia habari za Dick Allen, nyota wa Phillies miaka ya 1960, aliyelazimika kuvaa kofia ngumu hata akiwa mlinzi, kwa sababu watazamaji wa uwanja wa nyumbani walikuwa wanamtupia vitu. Mzee aliyaona hayo akiwa kijana. Nilimuuliza imekuwaje basi bado anakuja. Akanyoosha mkono kuzunguka viti vyote: "Kwa sababu ni timu yetu. Si yao."

Phillies waliwafunga Chicago Cubs 6 kwa 2. Kelele za mpira wa mwisho sikuzisikia kwa masikio, nilizisikia kifuani, na sakafu ya zege chini ya miguu yangu ilitikisika kweli. Watu wasiojuana walikumbatiana. Mzee alituombea dua ya safari palepale, tumesimama, wachezaji wakirushiana povu chini. Yeye alikuwa na hakika moja: mwaka huu ni Phillies, kwa sababu hakuna mwenye warushaji kama Wheeler na Nola kufuatana.

Kwa atakayefuata: acheni gari. Treni ya chini ya ardhi ya Broad Street inaishia hapo hapo uwanjani. Sisi tulilipa dola 25 kuegesha na tukakaa dakika 50 kutoka. Tulilala kwa rafiki wa shemeji, mtu wa Moshi, aliyetusubiri na chai ya tangawizi saa 7 usiku.

Jumanne, Septemba 24: New York, Bronx

Gari tuliliacha New Jersey. Treni namba 4 inapita juu ya barabara na kupunguza mwendo karibu na uwanja, na kwa nukta chache unauona uwanja kati ya majengo. Nauli ilikuwa dola 2.90.

Yankee Stadium wa sasa ulifunguliwa 2009, ng'ambo ya barabara kutoka pale uliposimama ule wa 1923. Shemeji alinitembeza kama mwenye nyumba. Ukumbi wa kuingilia ni mrefu kama msikiti wa ijumaa, mabango ya magwiji yananing'inia, na huko nyuma kuna bustani ya mawe ya kumbukumbu. Mataji 27 si mchezo. Ila mimi nilihisi niko kwenye jengo la serikali. Kila kitu ni kikubwa, cheupe, kimenyooka, na viti vizuri karibu na uwanja vilikuwa na mapengo huku sisi wa juu tumebanana. Ukuta wa kulia uko karibu mno pia, futi 314 tu, chini ya mita 96. Nilimwambia shemeji kwamba mipira mingine inayohesabiwa homurani hapa, Baltimore ingedakwa.

"Ukuta ni uleule kwa timu zote mbili," akasema. Hapo sikuwa na jibu.

Lakini kabla ya yote hayo, pale getini, simu yangu ilizima. Tiketi zote siku hizi ziko ndani ya simu, na zote mbili zilikuwa kwenye yangu. Nilisimama pembeni nikiwa na jasho, watu maelfu wananipita. Kijana aliyevaa jezi ya Judge akanitazama, akatoa betri ya mfukoni na waya, akakaa nasi chini kwenye ngazi dakika 15 hadi simu ikawaka, huku anakosa ining ya kwanza. Aliona kofia yangu ya Orioles akatabasamu tu. Nenda na betri yako, na piga picha ya skrini ya kila namba ya oda, hata kama tiketi yenyewe haikubali picha.

Orioles walishinda 5 kwa 3 na kufuzu mchujo wa ubingwa wa Oktoba. Nilishangilia kwa adabu, nimekaa. Shemeji hakuongea hadi tulipofika kituoni, akasema, "Sawa. Lakini tutaona nani atabaki Oktoba." Tukaagana hapo, yeye anarudi kazini, mimi naenda kusubiri basi la usiku la Pittsburgh, dola 52.

Jumatano, Septemba 25: Pittsburgh

Basi lilichelewa kuondoka saa mbili na nusu, bila mtu kutueleza chochote. Tulisimama barabarani na mizigo. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alikalia sanduku langu. Niliingia Pittsburgh saa 5 asubuhi mgongo umekakamaa.

Gari niliyoita kunipeleka kwenye chumba (dola 78, usiku mmoja) ilikuwa inapiga gospeli ya Kiswahili. Nikauliza. Dereva akageuka mzima mzima: ni mtu wa Uvira, Kongo. "Weye ni wa Tanzania? Nilikaa Nyarugusu miaka kumi na mbili!" Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kasulu. Alizima mita. Alinipitisha kwake kwanza, mkewe akanipa fufu na sombe, nikala kwa mkono mara ya kwanza tangu Maryland. Besiboli haijui, ila alijua jambo moja: "Kule kwa uwanja, timu iko inashindwa kila siku, lakini watu wanaenda tu. Wanasema ni pazuri." Nauli alikataa katakata.

Jioni nilikwenda kwa miguu. Siku za mechi hufunga magari kwenye daraja la njano la Roberto Clemente, watu wanavuka mto Allegheny katikati ya barabara wakiwa na watoto mabegani. Clemente ndiye mtu wa mji huu: alifikisha mipigo 3,000 kamili ya kufika besi, akafa Desemba 31, 1972, ndege iliyobeba misaada ya tetemeko la Nicaragua ilipoanguka baharini. Ukuta wa kulia wa PNC Park una urefu wa futi 21, kwa ajili ya namba yake ya jezi.

Tiketi dola 14. Nilipanda hadi kiti changu cha juu, nikageuka.

Sijui niseme vipi. Uwanja huu wa 2001 una ghorofa mbili tu za viti, kwa hiyo hata wa mwisho uko karibu na mchezo. Na upande wa mbele wameuacha wazi. Mto upo pale, daraja lile nililovuka lipo pale, na nyuma yake majengo ya mji yamesimama kama watazamaji waliokosa viti. Taa zilipowaka daraja likageuka dhahabu juu ya maji. Mpira ukipigwa juu, macho yanaufuata hadi yanakutana na mji. Tangu utotoni nimeona viwanja vinavyojengwa kukufungia ndani. Huu umejengwa ili ujue uko wapi.

Pirates walikuwa wameshatoka kwenye mbio za mchujo, wageni Milwaukee Brewers walishatwaa kanda yao, na bado familia zilikuja. Nilibishana na wawili waliokaa mbele yangu, baba na binti yake wa chuo. Binti alisema Wrigley ya Chicago ni bora, kwa umri. Baba alisema Boston hawawezi kupitwa, kwa ule ukuta wa kijani wa uwanja wao wa Fenway, wenye zaidi ya futi 37. Nikawaambia nimetoka Baltimore nikiamini Camden Yards ni mama wa viwanja vyote, na bado naamini ni mama. Lakini mtoto amempita. Kuhusu ubingwa wote wawili walisema Dodgers, bila hata kufikiri.

Halafu nikawaeleza kwa nini nilitaka kufika hapa hasa. Aprili 26, 2017, kwenye uwanja huu, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia mchezoni akiwa na Pirates, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kwetu kucheza ligi kuu. Alikulia kwenye chumba cha klabu ya besiboli kule Randburg, ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Mara yake ya kwanza kushika rungu, mbele ya mrushaji Jon Lester, alipiga akafika besi. Baba yule alikuwapo siku hiyo! Alinionyesha kwa kidole mpira ulikopita katikati. Wanafunzi wangu nimewasimulia habari hii mara nyingi, na sasa nilikuwa natazama majani yenyewe.

Alhamisi, Septemba 26: Pittsburgh, na Oakland kwa mbali

Treni ya Chicago inaondoka karibu na saa 6 usiku, kwa hiyo nilikuwa na siku nzima. Alasiri niliingia mgahawani kunywa chai, runinga zote zikiwa Oakland. Ilikuwa mechi ya mwisho ya Athletics kwenye uwanja wao wa Coliseum, baada ya misimu 57. Klabu ilikuwa inahamia Sacramento kwa muda, kwa mpango wa kwenda Las Vegas baadaye. Coliseum ni uwanja ambao kila mbishi wa viwanja huuweka mkiani: zege tupu la mviringo, mkubwa mno, umechakaa. Siku ile walijaa zaidi ya watu 46,000. Athletics wakashinda 3 kwa 2, na baada ya mpira wa mwisho watu hawakutoka. Walisimama tu wanatazama udongo.

Mhudumu, mwanamume mkubwa mwenye ndevu, aliweka birika akasimama karibu na meza yangu, akafuta macho kwa aproni. Alizaliwa kule. Alisema baba yake alimpeleka mara ya kwanza akiwa na miaka 5. Nilifungua daftari nilikokuwa nimeanza kupanga viwanja kutoka cha kwanza hadi cha tano, nikalifunga. Usiku ule orodha sikuiendeleza.

Jioni Yankees wakawafunga Orioles 10 kwa 1 na kutwaa kanda yao. Ujumbe wa shemeji uliingia dakika hiyohiyo, alama za mshangao tupu.

Ijumaa na Jumamosi, Septemba 27 na 28: Chicago, Wrigley Field

Treni ilichelewa, tukaingia karibu saa 5 asubuhi. Kiti dola 71, na kinalala kidogo, beba blanketi. Kitanda kwenye nyumba ya wasafiri dola 46. Usiku wa Ijumaa nzima watu wa Chicago walizungumza jambo moja: White Sox, timu ya kusini mwa mji wao, walifikisha vipigo 121 kule Detroit, vingi kuliko timu yoyote ya zama hizi, na kuipita Mets ya New York ya 1962. Ushindi huohuo uliwapeleka Tigers kwenye mchujo, mara ya kwanza tangu 2014. Nikamkumbuka mama wa Baltimore.

Jumamosi, mechi saa 7:20 mchana. Treni ya rangi nyekundu hadi Addison, dola 2.50 wakati ule. Unatoka kituoni na uwanja uko mbele yako kati ya nyumba za watu, kama soko la mtaa. Wrigley ni wa 1914. Majani ya ukutani yalipandwa 1937, mwaka ambao ubao wa matokeo ulijengwa, na hadi leo watu hukaa ndani yake wakibadilisha namba kwa mikono. Nguzo zinakuziba kweli: kiti changu cha dola 45 kilikuwa nyuma ya moja, nikawa naegemea kulia mchana kutwa. Nunua ukiangalia ramani ya viti.

Sikujua ningekuta nini siku ile. Kyle Hendricks, mrushaji wa mwisho aliyebaki kutoka kikosi cha 2016, kile kilichomaliza miaka 108 ya kukosa ubingwa, alikuwa anarusha mechi yake ya mwisho kwa Cubs. Harushi kwa kasi. Anaweka mpira mahali, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Nilimwandika kwenye kadi yangu: sifuri, sifuri, sifuri. Ining zaidi ya 7 bila mbio hata moja. Alipotolewa katikati ya ining ya 8, uwanja mzima ulisimama. Akavua kofia, akatazama juu kuzunguka viti vyote. Bibi aliyekaa kando yangu aliniambia mwaka 2016 watu walikuja na chaki kuandika kwenye kuta za nje majina ya wazazi waliokufa wakisubiri. Jina la mumewe aliliandika yeye mwenyewe. Cubs walishinda 3 kwa 0.

Dar es Salaam

Oktoba 1, nikiwa uwanja wa ndege Washington, Orioles walifungwa 1 kwa 0 na Kansas City. Nilipofika Dar walishafungwa tena 2 kwa 1, wametoka. Siku chache baadaye Phillies wakatolewa na Mets. Nilimwombea mzee yule.

Wakabaki Dodgers na Yankees kwenye World Series. Mechi ya tano ilichezwa Bronx, kwetu ikiwa alfajiri ya Oktoba 31. Niliitazama kwenye simu baada ya kuswali, kadi mpya mezani, penseli ileile. Yankees walikuwa wanaongoza 5 kwa 0, na shemeji ananiandikia kila dakika. Ikaja ining ya tano. Mpira mwepesi kwa Judge, ukamdondoka: nikaandika E8. Volpe akarusha vibaya kwenda besi ya tatu: E6. Besi zote zimejaa. Gerrit Cole, mrushaji wa Yankees, akawatoa wawili wa Dodgers kwa K, Lux na Ohtani. Kisha Betts wa Dodgers akapiga mpira dhaifu wa kuburuzika kuelekea besi ya kwanza, Rizzo wa Yankees akaudaka, akainua macho, na besini hakuna mtu. Cole hakwenda kuilinda. Zikaingia mbio 5, zote za makosa. Dodgers wakashinda 7 kwa 6 na kuchukua ubingwa.

Shemeji alinyamaza. Niliupiga picha ukurasa ule nikamtumia, bila neno. Alijibu jioni, baada ya zamu na usingizi: "Andika na la Cole."

Haliandikiki. Kwenye kadi ile linahesabiwa pigo la Betts, mstari mmoja mdogo kwenda besi ya kwanza.